Miche ya nyanya iliyobebeshwa kwenye bilinganya: niliyoyaona Mangamba

Nina mgahawa mdogo hapa Mtwara, wali samaki na ugali dagaa, na kinachonila faida ni nyanya. Tenga likichelewa kufika kutoka Iringa, mchuzi unakuwa mwepesi na wateja wananitazama. Ndiyo maana mwaka wa tatu huu nahangaika na kibustani changu nyuma ya nyumba, Mangamba. Na kila mwaka hadithi ni ile ile: asubuhi mche umesimama, saa saba mchana umelegea, jioni unajiinua kidogo, siku ya nne umekwisha. Majani yenyewe bado ya kijani kabisa, utadhani umekatwa shoka chini.

Duka moja la pembejeo likaniuzia unga wa kupulizia. Nikapuliza mara tatu, pua imefungwa kitenge. Sisi huku tumelelewa na korosho, ubwiriunga unakabiliwa kwa salfa, basi tunaamini kila ugonjwa una unga wake. Lakini ubwiriunga ni ukungu, unakaa juu ya maua na majani ambako salfa inaufikia. Wangu ulikuwa ndani ya shina, umepitia mizizini. Nilipokuja kusoma kibandiko kwa miwani, dawa ilikuwa ya ukungu. Bakteria haiwahusu hata kidogo.

Aliyenifungua macho ni kijana mwenye kitalu njia ya Naliendele.

"Shikamoo mama. Ulishawahi kukata shina la mche uliokufa ukaliweka kwenye glasi?"

"Marahaba. Glasi zangu ni za wateja, baba."

Nikaenda kufanya hivyo hivyo. Nilikata kipande karibu na mizizi, nikakishikilia ndani ya glasi ya maji safi, ncha imezama kidogo tu. Haikupita dakika tano. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye kidonda, taratibu, kama moshi wa udi uliogeuzwa kichwa chini. Hao ndio bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum, wamejaa mpaka wameziba mishipa ya kupandisha maji. Glasi ile niliitupa.

Sasa bidhaa yenyewe anayoiuza kijana huyo. Ni mche wa nyanya uliobebeshwa juu ya shina la bilinganya, kama wanavyobebesha mikorosho, ila hapa kila kitu ni chembamba kama njiti. Bilinganya imekatwa mshazari, nyanya imekatwa mshazari, zimegandamizwa kwa kibanio kidogo cha plastiki, kisha zikafungiwa kivulini penye unyevu wiki nzima mpaka kidonda kishike. Shilingi 800 mche mmoja. Mche wa kawaida nanunua 100. Nilimwambia kwa bei hiyo auimbie na nyimbo.

Nikamuuliza kwa nini bilinganya isife na yenyewe. Akaniketisha kwenye ndoo. Mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini, kila seli inajilinda ilipo. Kwenye utando wa seli kuna vipokezi vinavyopapasa wageni. Vikigusa protini ya mkia ambao bakteria anaogelea nao, mmea unafunga vitundu vya majani na kuanza kutengeneza sumu zake. Mgeni akipenya zaidi, seli zilizomzunguka hujiua zenyewe ili asipate pa kula. Yule wa mnyauko ni mjanja, kile kipande cha mkia kinachotambulika kwake kimebadilika, nyanya inamwona kama mpita njia. Mzizi wa bilinganya wenye ukinzani haumuui, unamchelewesha na kumbana huko chini asijae shinani. Kwa hiyo nyanya yangu inaweza kuwa na bakteria na bado ikazaa. Na kisu nilichokatia huo mche nisikatie mwingine kabla hakijasafishwa.

Basi lile bango lake la "HAIUGUI" ni uongo, na nilimwambia. Akacheka. Bango bado lipo.

Nilipanda 40 iliyobebeshwa na 20 ya kawaida, tuta moja, maji ya kisima kimoja. Ya kawaida ilikufa 17. Iliyobebeshwa ilikufa sita, na katika hiyo sita, minne ni kosa ambalo angeniambia mapema nisingelifanya: niliifukia mpaka juu ya kovu, pale nyanya na bilinganya zilipoungana, kama tunavyofukia nyanya siku zote. Nyanya ikatoa mizizi yake yenyewe ubavuni, bakteria wakapita hapo, bilinganya ya 800 imekaa chini haina kazi. Kovu lazima libaki juu ya udongo. Hata kikaratasi cha mistari miwili hakuna! Hiyo ndiyo nyota niliyomkata, nampa nne.

Jambo jingine hakulisema, lakini hili lilinichekesha. Mwezi wa pili niliona maua ya zambarau katikati ya nyanya, nikaita majirani. Kumbe bilinganya imechipua chini ya kovu inataka shamba lake. Machipukizi hayo yang'oe mapema, yanakula chakula cha nyanya. (Moja niliacha. Limezaa bilinganya tatu, tumezikaanga.)

Angalizo kwa wenye kutaka kupanda kuelekea Novemba: joto la udongo likizidi, ukinzani wenyewe unalegea. Mimi nilipanda Mei, nikatandaza nyasi juu ya tuta.

Anachukua oda kwa simu, wiki tano kabla, nusu ya pesa mkononi. Miche msiipakie kwenye buti la bajaji kama nilivyofanya mara ya kwanza, vibanio vinachomoka njiani. Ishikeni mapajani. Mimi nimeshalipia 60, na safari hii nimemwambia kikaratasi nitamwandikia mwenyewe, yeye atoe kopi.