Chunjua ya unyayo isiyotaka kutoka: nunua dawa gani?

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha ni chunjua, si sugu. Sugu huuma ukiikanyaga. Chunjua huuma zaidi ukiibana ubavuni, na ukiikwangua juu juu utaona vitone vyeusi: ni vijishipa vilivyoganda damu. Mwenye kisukari asinunue chochote hapa kabla ya kuonana na daktari.

Ya kwanza kwangu ni dawa ya maji yenye asidi ya salisiliki, karibu asilimia 17. Plasta za asilimia 40 nazo ni nzuri, hasa kwa kisigino kigumu, lakini nimeziweka za pili kwa sababu ya maisha yetu ya Mombasa. Jasho na kandambili huzibandua mapema. Tena plasta hukaa hadi siku mbili, na anayetawadha mara tano atahangaika nayo. Dawa ya maji pia huacha utando unaozuia maji, ila hupakwa mara moja tu kwa siku: ipake baada ya isha, uubandue utando kabla ya udhu wa alfajiri.

Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, sugua ngozi iliyokufa kwa jiwe lako peke yako (chunjua ni virusi, huambukiza), zungushia vaselini, kisha tonesha juu ya chunjua tu. Endelea wiki 12. Wengi huacha wiki ya tatu, na pesa yao inapotelea hapo.

Ya tatu ni dawa ya kupuliza ya kugandisha. Ni ghali, na haifikii baridi ya naitrojeni ya hospitalini, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata hiyo ya hospitali isikutie haraka: utafiti wa Uingereza na Ireland wa 2011, wenye wagonjwa 240, uliilinganisha na asidi ya salisiliki ya asilimia 50. Baada ya wiki 12, kila upande waliopona kabisa walikuwa asilimia 14.

Ya mwisho, usiiguse: kichupa kisicho na lebo. Nilikinunua kwa mchuuzi, kikaniunguza ngozi nzima pembeni, chunjua ikabaki. Nilipanda feri ya Likoni nikichechemea wiki mbili.

Dukani soma asilimia na tarehe ya kuisha. Nyumbani weka dawa ya maji mbali na jiko, hushika moto upesi.