Abasia ya Ndanda inastahili zaidi ya safari ya hospitali

Kwa wengi wetu wa Mtwara na Lindi, Ndanda ni hospitali. Tunafika tukiwa na mgonjwa, tunahangaika na vipimo na dawa, tunalala kwa ndugu au kwenye nyumba za wageni za mjini, kisha tunapanda basi kurudi nyumbani bila kujua kwamba jirani kabisa na wodi kuna abasia, yaani monasteri ya watawa Wakatoliki, yenye zaidi ya miaka 100 na mazingira tulivu kuliko yote niliyowahi kuyatembelea kusini. Safari hii nilikwenda nikiwa mzima, bila mgonjwa wa kumwangalia, kwa ajili ya abasia yenyewe na bustani zake. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini watu wa mikoa hii miwili wanapitwa na kitu kikubwa kilicho kando ya barabara yao.

Historia ya mahali hapa inaanza na moto. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, shirika lililozaliwa Ujerumani, walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Majimaji vilipofika huku mwaka 1905, misheni zote mbili ziliharibiwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa mwezi Agosti akiwa safarini upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, baada ya maangamizi hayo, na mwaka 1931 ikapewa hadhi ya abasia yenye eneo lake la kichungaji, hadi Jimbo la Mtwara lilipoundwa mwaka 1972. Mtu wa kusini hawezi kuusoma mwaka 1906 kama mwaka wa kuzaliwa kwa misheni peke yake, kwa kuwa ndio wakati ambapo mababu zetu walikuwa wakifa kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Kwangu mimi, kutembea Ndanda huku ukiyakumbuka yote mawili, wamisionari waliouawa na wanakijiji waliokufa njaa, ndiyo njia ya haki ya kupatembelea.

Ila kilichonishika zaidi ni maji. Ndanda imekaa chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, na aliyewahi kuishi Newala au Tandahimba anajua taabu ya maji ya huko juu, ambako vizazi kwa vizazi kinamama walishuka mteremko na vyombo kichwani kwenda kuyafuata bondeni. Sababu ni udongo wenyewe: mvua inayonyesha juu hunywewa mara moja na mchanga, ikashuka ndani kwa ndani hadi inapokutana na tabaka lisilopitisha maji, ndipo inapotokeza kwenye mteremko kama chemchemi. Watawa walijenga maisha yao yote juu ya chemchemi hizo. Maji hayohayo yanamwagilia bustani, yanazungusha mtambo wa umeme, na yanatiwa kwenye chupa za Ndanda Springs ambazo wasomaji wengi wamekwisha kunywa bila kujiuliza zinatoka wapi.

Ukishalielewa hilo, bustani unazitazama kwa jicho jingine. Hazikupandwa ili mgeni apige picha, ingawa picha nzuri utazipata. Kuna miembe mikubwa yenye kivuli kizito, kuna maua kandokando ya njia, na kuna matuta ya mboga yanayoendelea kuwa ya kijani hata wakati wa kiangazi, majira ambayo mashamba ya korosho yanayozunguka yamejaa vumbi. Kila kipande kina kazi, na asubuhi utawakuta watu wamekiinamia. Wabenediktini hufuata mwongozo wa kusali na kufanya kazi, na hapa unaona jinsi mambo hayo mawili yanavyogawana siku moja. Nawashauri wageni watembee taratibu, wapande hadi kwenye bwawa lililo juu ya misheni ikiwa wameruhusiwa na wana mtu wa kuwaonyesha njia, na wakae pale kwa muda. Upepo unaoshuka kutoka uwandani ni wa baridi kuliko anavyotarajia mtu aliyezoea joto la Mikindani.

Msije mkaenda na kurudi siku hiyohiyo. Mgeni wa mchana huona majengo na miti; anayelala ndiye anayepata mpangilio wa mahali, kwa sababu siku ya abasia hupimwa kwa kengele na sala. Masifu ya jioni, yaani sala ya pamoja ya watawa, hufuatwa na utulivu ambao hata mimi nisiye mzoefu wa mambo ya kitawa niliuheshimu pasipo kuambiwa, na alfajiri zaburi zinaanza kabla kijiji hakijaamka. Si lazima uwe Mkatoliki. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na mimi nilipokewa kwa upole mkubwa, bila kuulizwa maswali mengi. Chumba ni cha kawaida na safi, chakula ni cha nyumbani. Anayetafuta muziki, televisheni na vinywaji hadi usiku wa manane atafute hoteli ya pwani.

Kufika ni rahisi. Kutoka Mtwara au Lindi mjini unapita Mnazi Mmoja, kisha unashika barabara ya Masasi kupitia Mtama, Nyangao na Nanganga. Ni lami, na mabasi ya Masasi yanayotumia barabara hii yanapita hapo. Ukiwa na gari lako, punguza mwendo unapokaribia Nyangao, kwani jirani na hapo ni Mahiwa, ambako mwezi Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana mojawapo ya mapigano makali kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, huku askari na wapagazi wengi wakiwa Waafrika. Majira mazuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe. Toa taarifa mapema ili uandaliwe chumba, vaa mavazi ya heshima, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtawa picha, na usiingie sehemu za ndani walizotengewa watawa peke yao. Kama una ndugu aliyelazwa hospitalini pale, akipata nafuu mwombe muuguzi muda, umtoe akakae kivulini kidogo.