Kujitolea kwenye kituo cha parokia, Goma: mchana safi, usiku bado

Mapokezi ni mazuri kweli. Mgeni wa kazi haachwi peke yake: zamu tatu za kwanza anafuatana na mwenyeji, tena anaanzia jikoni, kwenye fufu na maharagi, si kwenye orodha ya vitanda. Bidoni ya kunawia mikono ina kijiko kilichofungwa kwa kamba: klorini ya unga ya 70%, kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa, kwa lita 20. Kamba hiyo ni akili. Bila kipimo watu hukadiria, na maji yakiwa makali yanachubua mikono, yakiwa hafifu kipindupindu kinapita. Nauli ya pikipiki hulipwa jioni ileile. Usiku ndio mbovu: mtu mmoja, toshi moja, na asubuhi hakuna anayemuuliza ameamkaje.