Tahadhari kwa wanaotafuta nyumba za kupanga katika mitaa ya kifahari

Ndugu wasomaji, mnaotafuta nyumba katika mitaa ya kifahari yenye miti mingi na kuta ndefu, jihadharini na dalali anayewaonyesha nyumba iliyopo kweli, akawafungulia mlango kwa ufunguo halisi, kisha akapokea kodi ya miezi kadhaa pamoja na amana, ilhali yeye mwenyewe ameikodi nyumba hiyo kwa siku mbili tatu tu. Katika mtaa tunamoishi, familia mbili zilikutana getini asubuhi moja, kila moja ikiwa na lori la vyombo na mkataba uliotiwa sahihi, na ndani mlikuwa na wageni wa likizo wakinywa chai.

Mazingira yenyewe humfaa tapeli. Majirani huonana kupitia vioo vya magari, na mlinzi humruhusu yeyote ambaye jina lake limo katika daftari la wageni. Kwa hiyo saluti anayopigiwa dalali haithibitishi kwamba anajulikana, wala ufunguo ulio mkononi mwake hauthibitishi umiliki. Bei yake nayo huwa chini kidogo tu ya bei ya mtaa, maana anajua kwamba nafuu ya kupindukia humshtua mteja.

Mnapozungushwa ndani, tazameni vitu vidogo. Karatasi ya nywila ya intaneti iliyobandikwa kwenye friji, visabuni vya bafuni ambavyo havijafunguliwa, na kisanduku cha funguo chenye namba za siri kando ya mlango ni dalili za nyumba ya wageni wa muda mfupi. Mkiuliza, mtaambiwa kwamba mwenye nyumba yuko ng'ambo na kwamba mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu.

Msilipe chochote, hata hiyo inayoitwa pesa ya kushikilia nyumba, kabla ya kuulizia umiliki katika ofisi ya ardhi na kulinganisha jina mtakalopewa huko na jina la akaunti mnayoelekezwa kulipia. Dalali akidai kuwa ametumwa na mwenye nyumba, aonyeshe idhini ya maandishi, na mwenye nyumba apigiwe kwa namba mliyoipata kwa uongozi wa mtaa, si kwa namba aliyowapa dalali. Waliokwisha kulipa wawasilishe mkataba, risiti na ujumbe wote wa simu kwa polisi na kwa benki yao siku hiyo hiyo, kwa kuwa fedha zikishatolewa kwenye akaunti ya tapeli, kuzirejesha huwa kazi ngumu mno.