Fundi wa mziki wa gari Malindi asiyetaka kumjibu mwenye gari

Wale mnaoulizana kila siku wapi pa kufungia mziki wa gari hapa Malindi, kuna duka moja upande wa barabara ya Lamu, jina silitaji manake sitaki maneno na mtu na pia sitaki kumpa tangazo la bure. Nilikuwa nimpe nyota tatu. Nimeanza kuandika hii na nia nzuri kabisa, nitajaribu kumtendea haki, lakini sijui kama hiyo haki itafika mwisho wa maandishi.

Nianze na zuri lake. Ule mziki ulipokuwa unalia, ulikuwa unalia kweli. Noah yangu ni ya kukodisha, nabeba watu wa harusi, wageni wa eyapoti, siku nyengine vyombo vya watu wanaohama, na harusi za huku kwetu mtu hakodi gari bubu. Jamaa akanitengenezea boksi la wufa, ile spika kubwa ya besi, kwa mkono wake mwenyewe, mbao nzito, limekaa nyuma ya siti ya mwisho halitikisiki wala halitoi ule mlio wa bati kutetemeka. Ukiweka taarabu ya zamani, tashkota unaisikia waya kwa waya, na besi inakuingia kifuani bila kukuumiza kichwa. Nilikuwa nikimaliza kazi nazunguka kidogo mpaka Silversands bila abiria, mafuta yangu mwenyewe, kwa sababu tu ya kusikiliza. Boksi lile mpaka leo sina neno nalo.

Shida ikaja mfungo mosi, harusi zimepamba moto. Tumevuka daraja la Sabaki tunaelekea Mambrui, gari imejaa mashangazi wa bibi harusi, vigelegele, wimbo umefika pale penyewe, kimya. Redio inawaka, namba zinaonekana, lakini spika zote hakuna kitu na ampu, ile mashine ya kukuza sauti, imewasha ile taa yake nyekundu ya kujikinga. Nikizima nikiwasha inarudi, sauti ikiwa chini inaenda vizuri tu, nikipandisha besi ikigonga kidogo inakata tena. Shangazi mmoja akaamua kuimba kwa mdomo, wenzake wakampokea, mpaka tunafika nyumbani kwa mume. Walicheka wao, mimi sikucheka, mimi ndo niliyechukua pesa za watu nikawaambia gari ina mziki.

Sasa twende dukani, manake hapa ndo penyewe.

Nilikwenda na ndugu yangu mdogo, amemaliza fomu foo juzi tu, leseni hana, waya mwekundu na mweusi anavitofautisha kwa rangi basi. Alikuja kunisindikiza. Nikamweleza fundi taratibu: sauti ya chini hakuna neno, ikipanda inakata, taa za mbele hazififii hata kidogo, usiku nimeegesha mbele ya ukuta nikaangalia mwenyewe, besi inagonga na mwanga uko pale pale. Jamaa ananitazama naongea, nikamaliza, akamgeukia ndugu yangu. "Kaka, hii alteneta imechoka." Yaani ile inayozalisha umeme wa gari injini ikiwaka. Nikamuuliza mimi, imechoka vipi na taa hazififii? Akamjibu yeye tena: "Mwambie dada, mambo ya umeme ni marefu."

Mwambie dada! Niko pale, nimesimama, ufunguo wa gari uko mkononi mwangu, pesa yote ya kazi ilitoka kwa simu yangu. Ndugu yangu masikini anaangalia chini hajui ajibu nini, wale vijana wa dukani wanachekea pembeni. Nikauliza mara nyengine, kwa sauti kidogo sasa, ndo akanikumbuka: "Mama, wewe endesha gari, waya tuachie wenyewe." Mama! Mimi na yeye tungeweza kukaa dawati moja. Na wala sikatai kuitwa mama, wateja wangu wananiita mama na nafurahi, lakini kuna mama ya heshima na kuna mama ya nyamaza, hiyo nayo mtu haijui?

Basi akasema labda si alteneta, ni betri. Manake siku hizo gari ikilala siku mbili tatu bila kazi, asubuhi haiwaki, unasikia tik tik tik basi. Nikamwambia kabla hujanifungia huu mziki betri haikuwahi kunisumbua. Akamwambia ndugu yangu betri ni kitu cha kuchoka. Haya, nikauziwa betri, elfu nane na ushee, na juu yake kapasita, lile kopo linalong'aa lenye namba za buluu, ati litaisaidia besi. Nikatoka pale, hata Gede sijafika imekata tena. Faida ya lile kopo ni moja tu, zile namba zake zinaonyesha volti, na mimi kwa macho yangu nikawa naziona zinashuka kutoka 13 na kitu mpaka 10 na kitu kila besi ikigonga. Kumbe nimeuziwa mita.

Kuna mzee upande wa Maweni anafunga umeme wa tuktuk chini ya mti, duka hana, ana meza na sanduku la bisibisi. Nikamsalimia nikamweleza yale yale. Swali lake la kwanza, wallahi: "Mwanangu, mziki ukigonga taa za mbele zinafifia?" Nikasema hazififii. "Basi alteneta iache, na betri iache. Umeme upo, unapotea njiani." Hata boneti hajaifungua! Nilitaka kulia. Aliniuliza mimi, akanisikiliza mimi, akanijibu mimi.

Akatoa mita yake, imefungwa kwa selotepu. Injini inanguruma, mziki juu, akapima kwenye betri, 13.7. Akasema sawa, gari ikiwa inawaka unataka 13 na nusu mpaka 14 na kitu, ikiwa imezimwa na betri ni nzima utaona kama 12.6. Akaja nyuma kwenye vituo vya ampu, 10.6 besi ikigonga. Ampu nyingi zikiona volti zimeshuka huko zinajizima zenyewe, zinajikinga, kwa hiyo ile taa nyekundu haikuwa inasema ampu ni mbovu, ilikuwa inalalamika njaa. Volti tatu zimekwenda wapi? Akaunga waya mrefu kwenye mita ufike mbele, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwengine kwenye athi ya ampu, ile njia yake ya kurudishia umeme, mziki bado uko juu. Waya ukiwa mzima hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma 1.9. Akapima upande wa chanya, betri mpaka ampu, 1.2. Jumlisheni wenyewe muone kama kuna alteneta humo.

Akafuata athi. Umeme unaokwenda lazima urudi, na kwenye gari unarudi kupitia bati la bodi, sasa yule fundi wa dukani alichofanya ni kuubana waya wa athi chini ya bolti ya siti, juu ya rangi. Juu ya rangi! Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo umeme wote wa ile ampu ulikuwa unajibana kurudi kupitia meno ya bolti, na bolti yenyewe ya gari inayolala pwani, upepo wa bahari na chumvi kila siku, imeshakula kutu. Mzee akaikwangua ile sehemu kwa msasa mpaka bati likang'aa jeupe, akafunga kwa bolti yake mpya na washa yenye meno, akapaka grisi juu ili chumvi isiingie. Akaenda na mbele, ule mkanda wa waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, akautoa ukungu wa kijani akaukaza.

Halafu ule waya mkubwa wa umeme. Risiti ninayo, imeandikwa waya wa kopa, yaani shaba, na bei ni ya kopa. Mzee akaukata ncha akaukwangua kwa kisu, rangi ya kopa ikatoka, chini mweupe. Aluminiamu iliyopakwa kopa juu. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa, kwa hiyo ukitaka kuitumia uweke nene zaidi, na huyu aliweka nyembamba, kisha akanitoza bei ya kopa. Hapa zile nyota tatu zikawa mbili, na mbili zenyewe ni kwa ajili ya boksi.

Lakini subirini. Mzee akaufuata waya kwenda mbele akaniuliza, fyuzi iko wapi? Nikamwambia ipo kwenye ampu. Akasema ile ya kwenye ampu inaikinga ampu, ya waya iko wapi, ya karibu na betri? Haikuwepo. Waya umetoka kwenye betri moja kwa moja, ukapita kwenye tundu la bati linalotenga injini na ndani, tundu halina hata raba, ukingo mkali kama wembe, na plastiki ya waya pale imeshaanza kuchubuka. Ingekatika yote waya ukagusa bati, betri nzima ingemwaga moto kwenye ule waya na hakuna cha kuuzima, unaungua kuanzia betri mpaka siti ya nyuma. Na kwenye siti ya nyuma nilikuwa nabeba watoto wa harusi. Fyuzi yenyewe na kikopo chake ni pesa ya chai ukilinganisha na kazi nzima, unaiweka isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye betri, mzee aliniwekea ya ampia 60 na raba kwenye tundu. Mimi ule upole niliokuja nao uliishia pale. Nyota moja.

Na bado. Nikamuuliza mzee kuhusu ile betri ya kwanza, kwa nini ilikuwa inakufa. Akazima kila kitu, akatoa ufunguo, akafungua hasi ya betri akaiweka mita katikati. Gari iliyolala inatakiwa ivute kidogo sana, chini ya miliampia 50, za saa na kumbukumbu ya redio. Yangu ilikuwa inavuta zaidi ya nusu ampia. Akachomoa redio akageuza nyuma: waya wa njano, ule wa umeme wa kudumu, na mwekundu, ule wa kufuata swichi ya ufunguo, vimesokotwa pamoja vikafungwa selotepu. Yaani redio haijui kama ufunguo umetolewa, haikuwa inalala kabisa, na ampu nayo inakesha naye. Nusu ampia usiku na mchana, siku tatu, hizo ni kama ampia-saa 36, betri ya Noah ataiwasha nani?

Kwa hiyo nielewesheni. Mtu aliiua betri yangu kwa selotepu, kisha akaniuzia betri nyengine, kisha akamwambia ndugu yangu aniambie mambo ya umeme ni marefu. Nyota hakuna. Ile moja pia nimeichukua.

Kulikuwa na mluzi pia kwenye spika, ule unaopanda ukikanyaga mafuta, dukani waliniambia ndo sauti ya injini za zamani. Mzee akazihamisha waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio mpaka ampu, upande wa pili wa gari mbali na waya wa umeme, na athi ilikuwa ishatengenezwa, mluzi ukaisha, hilo halikuchukua hata muda. Waya wote mpya wa kopa, mkubwa, alinikwangulia ncha nione kabla hajaufunga. Akapima tena mziki ukiwa juu, kwenye ampu 13.3.

Na sasa unalia, jamani. Unalia kuliko siku ile ya kwanza, lile boksi sijui lilikuwa limefungwa mdomo muda wote ule, na hapo ndo nakasirika upya manake yule jamaa ana kipaji, mkono wa mbao anao, sikio analo, akipanga spika anazipanga, kama angekuwa anatengeneza maboksi tu na waya akampa mtu mwengine ningewapeleka watu kwake kila wiki. Pengine hata sasa mtu akitaka boksi peke yake ningemwambia aende. Sijui. Aende na mzee wake lakini, au na ndugu wa kiume, asipoteze muda wa kuongea.

Nilirudi dukani na ule waya wa aluminiamu kwenye kikapu, na risiti, na lile kopo la namba za buluu. Nikavimwaga juu ya kaunta wateja wanaona. Hakubisha sana, alikwangua waya mwenyewe kwa ukucha akanyamaza, akasema atarudisha pesa ya waya na nusu ya pesa ya betri, kapasita hairudishwi ikishafungwa. Nikampa namba yangu, nikamsomea tarakimu moja moja, akaandika.

Jioni pesa ikaingia. Kwa simu ya ndugu yangu. Na yeye bwana mdogo alikuwa ameshanunua bando na chipsi kabla hajanionyesha meseji.