Lenzi ndogo za Zuiko, filta na hudi: tamu ila kuna mtego kwenye 28mm

Nina lenzi mbili za kamera, Olympus Zuiko za fokasi ya mkono, 28mm f/3.5 na 50mm f/1.8, na ninachozipendea zaidi ni kwamba zote zinakula filta ya 49mm, yaani unabeba polaraiza (filta ya kuzungusha, ya kukata mng'ao) moja tu mfukoni na kazi zinaenda. Ringi ya fokasi laini mno jamani.

Shida inaanza ukipanga vitu juu ya vitu. Kwenye 50mm hamna neno, hudi (kile kikinga-jua cha mbele ya lenzi) naiacha humo humo, jua likipiga kwa pembeni picha haipauki. Ila 28mm, kwa vile inaona pana, nilivalisha polaraiza nene halafu hudi juu yake, kona zote nne zikaja nyeusi, na ukibana tundu la lenzi mpaka f/11 ndo weusi unakuwa na ukingo mkali kabisa. Afu kila ukitaka kuzungusha polaraiza kidole hakifiki, unachomoa hudi, unazungusha, unarudisha, mwanga ushabadilika.

Siku hizi 28mm naivalisha filta moja nyembamba tu, na hudi ya raba ile ya kukunja nyuma, jua likija kwa mbele-pembeni nakinga na kiganja. Inatosha kabisa.