Urithi au Uunganishaji: Kusanifu Programu ya Mwalo wa Kirumba

Msanifu anayeandaa programu ya kutunza kumbukumbu za mizigo ya samaki katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, hukutana mapema na njia mbili: urithi, ulioanzia katika lugha ya programu ya Simula 67 kutoka Norway, na uunganishaji, ambamo objekti moja, yaani kitu ndani ya programu chenye data na kazi zake, hubeba nyingine ndani yake.

Kwa urithi, klasi Samaki, yaani kiolezo cha kuundia objekti, huzaa klasi za Sangara, Sato na Dagaa, na kila mtoto hupokea sifa za mzazi bila kuandikwa upya. Njia hii husomeka kwa urahisi.

Tatizo huanzia kwenye hali ya samaki. Sangara huuzwa mbichi, wa moshi au wa chumvi; tukiipa kila hali klasi yake, aina 3 kwa hali 3 zinaweza kufikia klasi 9, na hapo bado hatujagusa vipimo, yaani kilo kwa sangara na ndoo au gunia kwa dagaa. Isitoshe, sangara aliyepokelewa mbichi asubuhi huweza kuwa wa moshi ifikapo jioni, ilhali katika lugha kama Java objekti haibadilishi klasi yake ikishaundwa.

Kwa uunganishaji, klasi Mzigo hubeba objekti za Aina, Hali na Kipimo. Samaki wakibanikwa, Hali pekee hubadilishwa, huku namba ya mzigo na jina la mvuvi vikibaki vilevile. Vipande vya kufuatilia huongezeka, na hilo humchosha anayeanza, lakini kwa kazi hii ningechagua uunganishaji bila kusita, na urithi ningeubakiza kwenye vipimo tu, ambako uzito na ujazo ni aina halisi za Kipimo.